Kibali cha Msafisha Sauti

Alal hufanya kazi ambayo majirani zake wa mtaa wa Mbuya, Kampala, hawajawahi kuiona. Hukaa chumbani, akavaa hedifoni, akatazama mistari inayopanda na kushuka kwenye kompyuta. Watu wa nchi za mbali wanaotengeneza vipindi vya kusikilizwa kwenye simu humtumia mazungumzo waliyoyarekodi, naye huyasafisha. Huondoa kikohozi, huondoa honi ya gari, hupunguza kishindo cha mvua juu ya bati, huziba pale mzungumzaji aliposita mno. Akimaliza, msikilizaji hawezi kujua kwamba palikuwa na takataka yoyote. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, hakuna anayejua kwamba imefanywa.

Ufundi wake aliupata katika kituo kimoja cha redio mjini, alikokuwa akiendesha mitambo ya studio. Kituo kilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Mtangazaji mmoja aliyekuwa amehamia Kanada akamwomba amsafishie kipindi chake. Kipindi kikapendeza, mtangazaji akamtaja kwa wenzake, na haikuchukua muda Alal akawa na wateja katika nchi kadhaa, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kuonana naye uso kwa uso. Wakati huo alikuwa amepita miaka thelathini, hajaolewa, anaishi na wazazi wake.

Baba yake ni Otema, sajini mstaafu wa polisi, Mwacholi wa Kitgum na Mkatoliki. Mama yake ni Sitti, Mnubi na Mwislamu, wa ukoo ulioletwa huku na jeshi la mkoloni kutoka Sudan. Walikutana Otema akiwa kijana kambini na Sitti akiuza sambusa langoni. Otema hakujua Kinubi, Sitti hakujua Kiacholi, kwa hiyo wakakutania kwenye Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kisichojali ngeli wala madoido, lakini ndicho kilichoposa, kikagombana, kikapatana na kulea watoto watatu. Kaka zake wawili wameshaondoka nyumbani. Alal ndiye kitindamimba wao.

Otema aliielewa kila kazi iliyokuwa na sare, zamu na mkubwa wa kumpigia saluti. Ya binti yake ilimshinda.

"Nyara," alimwambia siku moja, neno ambalo kwa Kiacholi ni binti yangu, "bosi yako ni nani?"

"Sina bosi, Baba. Nina wateja."

"Wateja ni watu ya duka. Wewe unauza nini?"

"Nasafisha sauti."

Otema alifikiri kidogo. "Na mtu akiniuliza, mimi niseme nini?"

"Sema hivyo hivyo."

Hakusema hivyo hivyo. Akiulizwa, alijibu kwamba binti yake ni mtu wa redio, akamwachia muulizaji aamue kama ni zamani au ni sasa.

Wala hakuwa baba yake peke yake. Alal alipotaka kupanga nyumba ndogo mtaa wa Bugolobi, mwenye nyumba alitaka barua ya mwajiri, na alipoikosa akampa mtu mwingine. Benki nayo ilitaka barua hiyo hiyo. Mara mbili alialikwa Ulaya kwenye mkutano wa mafundi wenzake, na mara mbili akanyimwa viza kwa sababu moja, kwamba hakuna mwajiri wa kuthibitisha kuwa angerudi kazini. Kila mahali palipokuwa na nafasi ya kuandika kazi ya mtu, yeye aliishia kuonekana kama mtu asiye na kazi, ilhali alikuwa akifanya kazi hadi shingo inakakamaa.

Aliyemwonyesha njia nyingine ni Jasper, jirani yao wa zamani aliyekuwa akitengeneza tovuti, ambaye sasa alikuwa akiishi ng'ambo. Walizungumza kwa simu.

"Acha kuomba ruhusa ya kutembea," Jasper alimwambia. "Omba ruhusa ya kuishi."

"Wamenikatalia wiki moja, ndio wanipe miaka?"

"Huo ni mlango mwingine. Huku kuna kibali cha watu kama sisi, mtu anayejiajiri mwenyewe na kufanya kazi kwa mtandao, mradi wateja wake wako nje na anachopata kinamtosha. Hapa mtu asiye na bosi ndiye wanayemtafuta."

Nchi yenyewe iko kusini mwa Ulaya. Sitaitaja, kwa kuwa masharti yake yamebadilika mara kadhaa tangu wakati huo, nisije nikampeleka msomaji kwenye mlango uliokwisha fungwa. Alal aliyasoma masharti hayo mwanzo hadi mwisho, akayarudia. Hali ya hewa ya huko haikumshughulisha, wala mshahara, maana angeendelea kulipwa na watu wale wale. Kilichomshika ni kwamba serikali fulani ilikuwa imeketi, ikamfikiria mtu wa aina yake, ikampa jina.

Alimwambia mama yake kwanza, jikoni, Sitti akichambua mchele.

"Kule utakula nini?" Sitti aliuliza.

"Wana vyakula vyao, Mama."

"Vya kwao, ndiyo. Nimeuliza wewe utakula nini."

Baada ya hapo Sitti hakupinga tena. Alimwambia tu amweleze baba yake kabla hajasikia kwa mtu baki.

Kukusanya makaratasi kulichukua miezi. Wateja waliomjua kwa jina moja tu sasa iliwabidi waandike mikataba yenye jina lake kamili na anwani. Mmoja alishangaa kugundua kuwa Alal ni mwanamke. Mwingine alikuwa akidhani yuko Nairobi. Wote waliandika, isipokuwa bwana mmoja ambaye aliposikia neno mkataba alinyamaza, wala hajasikika tena hadi leo.

Ilihitajika pia hati ya polisi ya kuonyesha kwamba mwombaji hana rekodi ya uhalifu. Otema alisema huko watakwenda pamoja. Siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na viatu vyeusi alivyovipaka rangi tangu jana yake. Kwenye meza ya alama za vidole walimkuta konstebo ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Afande Otema!" Konstebo alisimama wima. "Huyu ni mtoto wako? Basi, Afande, wewe ndiye ulinifundisha hii kazi. Mchape vidole mwenyewe, mimi nitatia sahihi."

Otema alisita. Katika utumishi wake wote alikuwa ameshika vidole vya wezi wa kuku, wa magari na wa maduka, vya walevi, na vya watu ambao baadaye ilionekana hawakufanya kosa lolote. Hakuna alichokifanya mara nyingi zaidi ya hicho. Akakunja mikono ya shati. Akakishika kidole gumba cha Alal, akakibiringisha kwenye wino, akakibiringisha kwenye karatasi, kisha kinachofuata, na kinachofuata. Mara ya mwisho baba yake kumshika mkono ilikuwa zamani, akimvusha barabara kwenda shule. Walipomaliza, Otema alimpa kitambaa afute wino, akatoka nje kabla yake.

Njiani kurudi alisema jambo moja tu. "Vidole yako ni baridi sana. Kula vizuri."

Mahojiano yalifanyika Nairobi. Alal alikaa mbele ya afisa wa ubalozi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mafua, akajibu maswali ya kawaida. Mwishoni afisa aliiweka kalamu mezani.

"Unasema kazi yako inaweza kufanyiwa popote. Kwa nini basi isiendelee kufanyiwa Kampala?"

Alal alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. "Inaweza kuendelea," alisema. "Hata leo asubuhi nimeifanyia hotelini. Mimi naomba niishi mahali ambapo nikieleza ninachofanya, hicho hicho ndicho kinachoandikwa."

Afisa aliandika mstari mmoja, akamshukuru.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, na lilikuwa hapana. Mikataba yake, walisema, ilikuwa ya mwezi kwa mwezi na ingeweza kukatishwa wakati wowote.

"Umeona sasa," Otema alisema, bila furaha ya mtu aliyeshinda. "Ni mambo ya bosi."

Alal alimwandikia mteja wake mkubwa, mama mmoja anayetengeneza vipindi vya historia, akamweleza hali ilivyo. Yule mama akakubali kusaini mkataba wa miaka miwili. Alal akangoja mwaka uishe, akakusanya makaratasi upya, akarudi Nairobi. Safari hii aliyemhoji alikuwa mtu mwingine, ambaye hakuuliza swali lolote gumu. Pasipoti ilirudi na viza ndani yake.

Wazazi wote wawili walimsindikiza Entebbe. Sitti alimsomea dua kiganjani, Otema akamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kama walivyomfanyia wakati wa kila mtihani tangu utotoni, kila mmoja kwa upande wake.

Juu ya maisha yake kule hana mengi ya kusimulia. Alipanga chumba chenye dirisha linalotazama ua wa kuanikia nguo. Alijifunza kusalimu wauza duka kwa lugha yao. Siku moja aliitwa kwenye ofisi ya uhamiaji, akachukuliwa alama za vidole kwa mashine isiyo na wino, na baadaye kadi ya ukaazi ikaletwa na posta. Alidhani angelia au angecheka. Aliitia kwenye pochi, akala chakula chake, akalala mchana kutwa. Kwa miezi mingi iliyofuata alifanya kazi ile ile, kwa wateja wale wale, kwenye kompyuta ile ile, na jioni akapiga simu Mbuya.

Kisha Sitti akapatwa na kiharusi.

Alianguka uani akiwa anakwenda kuanua nguo. Otema na jirani walimbeba hadi kwenye gari, wakamfikisha hospitali. Madaktari wakasema ameponea chupuchupu, ingawa upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Siku ya kwanza hakusema lolote. Siku ya pili alifungua macho, akaanza kusema, na Otema akampigia simu binti yake akiwa amechanganyikiwa.

"Mama yako anaumwa moyo," alisema. "Anashika mkono yangu anasema moyo, moyo. Nimeita nesi, nesi ameita daktari, wamepima, wanasema moyo hauna kitu. Lakini yeye anasema tu moyo!"

"Baba, weka simu karibu na mdomo wake."

Alal alivaa hedifoni zake. Wodini mlikuwa na kelele za vitanda kuburutwa, mtu akikohoa, redio ikiimba mbali, na katikati ya hayo sauti ya mama yake, nzito, ya upande mmoja wa mdomo. Alifumba macho akasikiliza kama anavyosikiliza kazi. Neno moyo lilikuwapo kweli, lakini mbele yake palikuwa na maneno mengine madogo yaliyomezwa. Sitti alisema tena. Ana aju moyo.

Kwa Kinubi, moyo ni maji.

"Baba," Alal alisema, "ana kiu. Anataka maji."

Neno lile Otema alikuwa amelisikia kwa wakwe zake tangu alipooa, wala hakuwahi kulihitaji, maana Sitti kwake alisema maji sikuzote. Alal akamsikia akimwita nesi, nesi akisema apewe kwa kijiko kidogo kidogo, kisha mlio wa kijiko kwenye kikombe. Simu ilikuwa imesahauliwa kitandani. Aliendelea kusikiliza mpaka ikakatika, na kesho yake akatafuta ndege.

Daktari aliwaeleza hali hiyo kwa utulivu. Hutokea, alisema. Mtu mwenye lugha mbili akipata kiharusi, pengine ile aliyoipata ukubwani hupotea, na ile ya utotoni ikabaki. Inaweza kurudi yote, au nusu, au isirudi. Sitti alielewa maneno machache ya Kiswahili akiambiwa polepole, lakini yeye mwenyewe hakuweza kutoa hata moja. Kinubi chake kilikuwa kizima.

Ndivyo Otema, baada ya ndoa ya miaka arobaini, alivyojikuta hana lugha ya kuzungumza na mkewe. Aliketi kando ya kitanda akatabasamu kama mgeni. Sitti alimwambia jambo, akamgeukia Alal amtafsirie, na mara nyingine alipoona uso wa mumewe haujaelewa, aligeuza kichwa ukutani.

Alal alikuwa na Kinubi cha mtoto, alichokipata kwa bibi yake huko Bombo wakati wa likizo. Kilitosha kwa chakula, choo na maumivu. Kwa mambo makubwa walimngoja Rukiah, mdogo wake Sitti, ambaye huuza vyombo vya plastiki katika soko la Kikuubo na hufika jioni baada ya kufunga duka. Rukiah akija, Sitti alisema bila kupumua, na dada wawili wakacheka mambo ambayo wengine hawakuyajua. Otema alikuwa akitoka nje wakati huo, akasimama barazani.

Kadi ya ukaazi ilikuwa kwenye pochi ya Alal. Sharti moja alilijua kwa moyo: mwenye kibali asikae nje ya nchi ile zaidi ya miezi sita mfululizo, la sivyo kibali kinaweza kufutwa. Mwanzoni hakulifikiria. Alirudi kwenye chumba chake cha zamani Mbuya, akafungua kompyuta, akaendelea na kazi, na wateja hawakuona tofauti yoyote. Sheria tu ndiyo ilitaka kujua mwili wake ulikuwa wapi.

Mwezi wa tatu tangu arudi, Sitti akiwa ameshatoka hospitali, Alal alimwona baba yake ameketi barazani, midomo ikicheza.

"Unasali, Baba?"

"Hapana. Natafuta ile neno ya mto wa kulalia. Rukiah aliniambia jana. Imepotea."

Alal alikaa chini kando yake. Jioni ile, Rukiah alipofika, alimketisha chumbani kwake, akafunga dirisha, akamwambia aseme kwa Kinubi maneno ya nyumbani, moja moja, kisha sentensi fupi fupi: nina njaa, sitaki, geuza mto, mguu unaniuma, umelala vizuri? Rukiah alisema kwa haraka ya mtu wa sokoni, akaambiwa arudie polepole. Alal akazikata rekodi zile, akaweka mwanya baada ya kila sentensi ili msikilizaji airudie, akatanguliza maana yake kwa Kiswahili, akazitia zote kwenye simu ya Otema.

Watu wa mtaani wakazoea kumwona Afande Otema akipanda mlima kwenda dukani huku amevaa visikilizio na kusema peke yake. Ulimi wake wa Kiacholi ulikataa baadhi ya sauti. Shai, yaani chai kwa Kinubi, kwake ilitoka vile vile chai, hata akijaribu mara kumi. Siku alipomkaribia Sitti na kikombe mkononi, akamuuliza kwa Kinubi kama anataka chai, upande wa kushoto wa uso wa Sitti ukacheka.

"Ana ma aju," alijibu. Sitaki.

Otema alimgeukia Alal. "Amesema hataki," alisema, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. "Nimeelewa. Hataki."

Mwezi wa tano Jasper alipiga simu. "Njoo hata kwa wiki moja. Pasipoti ipigwe muhuri, kadi iwe hai, halafu urudi kwa mama. Wengi wanafanya hivyo."

Lilikuwa shauri jema. Alal alikata tiketi. Wakati huo huo aliiandikia ofisi ya uhamiaji ya kule, akaambatanisha barua ya daktari, akaomba aruhusiwe kukawia kwa sababu ya ugonjwa. Hakupata jibu. Wiki ya safari, Sitti aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akarudishwa hospitali. Ilibidi afanyiwe upasuaji, na daktari hakuficha kwamba kwa hali yake huenda asiamke.

Otema alimkuta binti yake kwenye ngazi za hospitali.

"Ndege yako ni lini?"

"Kesho."

"Basi enda. Mimi nitaongea naye. Nina maneno mengi sasa."

"Siendi, Baba."

"Mimi mwenyewe nilichapa vidole yako!" Otema alipandisha sauti, watu wakageuka. "Miaka miwili unatafuta hiyo kadi. Miaka miwili! Sasa unaitupa?"

"Nikiwa ndani ya ndege wakaniita kusikiliza anachosema, nitasikilizia wapi?"

Otema alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Hakumwambia tena aende.

Sitti aliamka. Alikuwa dhaifu, akadhani Alal ni Rukiah, kisha akamtambua. Miezi sita ikatimia Alal akiwa wodini, akimlisha uji. Anasema siku hiyo aliikumbuka kwa sababu alitazama tarehe kwenye chati ya dawa. Alisubiri aone kama atajuta. Alihisi uchovu tu, na hasira kidogo kwa ofisi isiyojibu barua.

Jibu lilikuja baadaye, la heshima na fupi. Barua yake, walisema, ilipokewa wakati muda umekwisha pita, kibali kimehesabiwa kuwa kimekoma, na mhusika anaweza kuanza maombi upya kama ana sifa. Alimsomea Rukiah, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Watu gani hawa?" Rukiah aliwaka. "Mama yako wanamjua? Wao hawana mama?"

"Walinieleza tangu mwanzo, Anti. Sharti lilikuwa limeandikwa."

"Na wewe unawatetea!"

Alal hakuwa akiwatetea. Alikunja uso akaenda kuosha vyombo, na vyombo siku hiyo vilikuwa vingi.

Mwaka mzima ukapita. Sitti akaanza kutembea kwa fimbo. Kiswahili kilimrudia vipande vipande, bila utaratibu wowote: kwanza matusi, kisha majina ya vyakula, kisha tarakimu. Ndani ya nyumba wakawa wanasema kitu ambacho si Kinubi wala si Kiswahili, Sitti akitumia alichonacho na Otema akitumia alichokikariri, na hata wakigombana wawili hao walielewana vizuri sana. Alal aligundua siku moja kwamba ilikuwa imepita wiki nzima hakuna aliyemwita kutafsiri. Alifurahi. Pia alikaa kitandani akiwa hajui afanye nini na mikono yake.

Ni Sitti aliyeanzisha habari ya kuondoka. Aliisema mezani, kwa lugha yake ya viraka, kwamba mtoto aliyekaa nyumbani kumwangalia mama aliyepona anamtia mama ugonjwa mwingine. Otema alitikisa kichwa kukubali kila neno. Alal alipoeleza kwamba ingebidi kuanza upya, hati ya polisi, mikataba, Nairobi na yote, baba yake alisema, "Kwa hiyo?"

Akaanza upya. Konstebo wa zamani alikuwa amehamishwa, na aliyekuwa mahali pake alimchapa vidole haraka haraka bila kumtazama. Kwenye ubalozi walimuuliza kwa nini kibali cha kwanza kilikoma. Alieleza kwa sentensi mbili. Alipotaka kutoa barua ya daktari, wakamwambia haihitajiki. Mwezi wa pili wa mwaka huu akapata viza. Safari hii alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe: kila baada ya miezi minne atarudi Mbuya, akae wiki chache, aende tena, apende asipende.

Siku ya kuondoka ilikuwa siku ya kliniki ya Sitti, na Otema ndiye anayempeleka kila mara, kwa hiyo waliagana nyumbani asubuhi, Sitti akiwa tayari amevaa viatu. Entebbe alipelekwa na Rukiah, aliyefunga duka kwa ajili hiyo na kulalamika njia nzima juu ya wateja aliowapoteza. Walipofika, Rukiah alitoa kikapuni bakuli la plastiki, kubwa, jipya, limejaa pilau la nyama.

"Anti, hawataniruhusu kuingia nalo."

"Nani hataruhusu? Ni chakula."

Mlinzi wa mlangoni aliliangalia bakuli, akamwangalia Rukiah, akasema kwa upole kwamba pilau lenyewe halina shida, ila mchuzi ulioko kwenye chupa pembeni haupiti. Rukiah alisema pilau bila mchuzi ni adhabu. Watu nyuma yao walianza kusogeza masanduku. Alal akavuta begi lake kando, akafungua chupa, akamimina mchuzi wote juu ya pilau, akala akiwa amesimama karibu na toroli za mizigo, Rukiah akimshikia mkoba, mpaka akabakisha kiasi cha kumpa mlinzi.

Kisha akanawa mikono kwa maji ya chupa, akamkumbatia mama yake mdogo, akaingia.